Jina Langu Lilikimbia

Jumatatu, 24 Februari

Leo nimeanza. Kocha wa klabu amenipa mpango wa wiki kumi na sita, nimeubandika kwenye mlango wa friji juu ya ratiba ya dawa za Mama. Mwaka jana nilimaliza marathoni kwa saa nne na dakika kumi na moja. Mwaka huu nataka kuvuka mstari kabla saa nne hazijatimia. Nina miaka arobaini na mbili na Kocha hanipi nyama ya ulimi. "Miguu unayo, pumzi unayo," alisema. "Kinachokuangusha ni mbio ndefu. Ukianza kuziruka, sahau."

Mbio ndefu ni za Jumapili, na Jumapili ndiyo shida. Mama ni mama mkwe wangu. Kiharusi kilimpiga miaka miwili iliyopita, upande wote wa kushoto ukalala, tukamleta hapa akachukua chumba cha binti yetu aliyeko chuoni. Siku za kazi tuna dada tunayemlipa. Jumapili dada hayupo. Jumapili ni mimi.

Wakati wa kula, wifi yangu, mdogo wake mume wangu, akaweka kijiko chini. "Wifi, Jumapili zote niachie mimi. Kwani Mama si mama yangu?"

Mume wangu akapiga meza kwa furaha. "Unaona? Wenzako mawifi zao ni fisi."

Nikasema asante.

Jumapili, 2 Machi

Wifi alifika kabla sijamaliza kufunga kamba za raba. Nilikimbia na wenzangu wa klabu mpaka kwenye matangi ya maji na kurudi. Niliporudi nilimkuta Mama ameogeshwa, amesukwa nywele mistari midogo midogo kama msichana. Wifi ni msusi, mikono yake ina baraka. Nilimkumbatia na jasho langu.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Mbio nyepesi. Raba zimelowa.

Jumapili, 9 Machi

Wifi alifika saa tatu asubuhi. Klabu huondoka saa kumi na mbili. Alisema mvua, alisema alarmu haikulia, alisema mteja wa harusi alimchelewesha jana. Sababu tatu kwa kosa moja. Nilikimbia peke yangu, jua likiwa limetoka na barabara inafuka mvuke kama sufuria.

Alhamisi, 13 Machi

Kazini nimeharibu lenzi mbili. Mimi ni fundi wa miwani, nachonga lenzi ziingie kwenye fremu, na mashine haina msamaha: ukipitisha kidogo tu, lenzi inacheza kama jino bovu. Bosi, mwenye duka, alinitazama juu ya miwani yake. "Unalala kweli?" Nikamwambia nafanya mazoezi. Akataka kujua yote. Sasa ananiuliza kila asubuhi nimekimbia kiasi gani, kama vile tumetumwa wote wawili.

Jumapili, 16 Machi

Niliporudi, wifi hakuondoka. Alikaa jikoni akinitazama nikinyoosha miguu.

"Wifi, na mimi nikijaribu?"

"Kukimbia?"

"Tangu niachike, nikikaa ndani nasikia kuta zinanisema. Wewe ukirudi unakuwa na uso mwingine. Mimi naurudisha uso uleule."

Nilimwonea huruma. Ndoa yake ilikufa mwaka jana, na yule bwana alihamisha vitu yeye akiwa saluni. Nikampa raba zangu za zamani, bado zina soli. Nikamwambia aanze taratibu, siku za katikati ya wiki.

Jumapili, 23 Machi

Alikuja akiwa amevaa nguo za mazoezi. "Leo tu, wifi. Kocha kaniambia nionje mbio ndefu." Mume wangu alikuwa tayari na funguo za gari mkononi, anampeleka. Mume wangu, ambaye mimi hajawahi kunipeleka hata kwenye kona.

Nilibaki. Nilimwogesha Mama, nikamgeuza, nikamlisha. Nje hakukuwa na hata tone la mvua.

Jumapili, 30 Machi

"Leo tu" ya pili. Safari hii nilimfuata mume wangu chumbani kabla hawajaondoka.

"Basi baki wewe na Mama."

"Mimi?" Alicheka. "Mama ni mwanamke. Nitamwogeshaje?"

"Mimi nilizaliwa najua?"

"Wewe umezoea, mama. Mwache mdogo wangu apumue kidogo. Unajua alipotoka."

Najua alipotoka. Ninachotaka kujua ni mimi ninakoenda. Nikaenda kuchemsha maji.

Jumapili, 6 Aprili

Nimepata njia. Ni njia ya kichaa, lakini ni njia. Tunakaa ghorofa ya pili na dirisha la Mama linatazama uani. Nimempa mfuniko wa sufuria na mwiko: akinihitaji, apige. Mimi nazunguka jengo. Kuanzia kwenye mapipa ya taka, nyuma ya kamba za kuanikia nguo, mbele ya kibanda cha mlinzi, narudi kwenye mapipa. Muda wa mbio ndefu ni uleule, barabara tu ndiyo imekunjwa.

Mlinzi alivumilia kama nusu saa, kisha akatoka nje na kikombe chake cha chai.

"Mama, umepoteza kitu?"

"Naendelea kukitafuta."

Amenipa jina. Ananiita Pia, kama ile ya watoto inayozungushwa kwa kamba.

Jumapili, 13 Aprili

Mama alipiga mfuniko mara kadhaa. Mara ya kwanza alitaka pazia lisogezwe. Mara ya pili alitaka lirudishwe. Mara ya tatu nilipanda ngazi mbio, nikamkuta ametulia, anatazama dari.

"Unataka nini, Mama?"

Tangu kiharusi maneno yake hutoka yamelala upande, lakini ukimzoea unayapata. "Sitaki kitu. Nilikuwa naangalia kama upo."

Nilishuka nikitamani kuutupa ule mfuniko kwenye mapipa. Huyu ndiye mama aliyesema, nilipoolewa, kwamba mwanawe ameokota mwanamke mwenye miguu ya korongo. Nikizunguka nilikuwa nalitafuna hilo neno kama karafuu.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua usiku kucha. Goti la kulia linalia. Zile kona nne za jengo.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua kubwa ya kumpiga mtu makofi. Nilizunguka. Majirani wamezoea, watoto wao wanahesabu mizunguko na kukosea. Wifi na mume wangu walirudi saa tano, wamekauka na wanacheka, wamepitia mahali wakanywa chai. Wifi akaniambia, "Wifi, leo Kocha kanisifia mbele za watu!" Kisha akaona nilivyo, nimelowa kama kitambaa cha deki. Kwa sekunde moja nilidhani ataniomba radhi. Akafungua friji akanywa maji.

Jumamosi, 10 Mei

Jaribio la nusu marathoni, klabu nzima. Ilikuwa Jumamosi, dada yupo, kwa hiyo niliruhusiwa kuwa binadamu. Nilikimbia vizuri. Nilikimbia vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu, goti likanyamaza, na kwenye mteremko wa mwisho nilisikia miguu ya korongo ikifanya kazi iliyoumbiwa.

Kocha alinishika bega. "Sijui umezifanyia wapi hizo mbio ndefu, lakini umezifanya. Saa nne unazivunja."

Wifi alikuwa ameshafika mbele yangu. Amekaa kwenye ukuta, anakula ndizi. Wiki nane tangu aanze.

"Huyu wifi yako ana kipaji," Kocha akasema. Nikasema ndiyo. Ni kweli, na ukweli huo nilitembea nao mpaka nyumbani kama kokoto kwenye kiatu.

Jumanne, 20 Mei

Nimelala mapema. Hakuna jipya.

Jumatatu, 2 Juni

Usajili wa marathoni ulifungwa Ijumaa. Mimi nilijisajili tangu Januari. Wifi alidhani unafungwa wiki ijayo. Amelia sebuleni jioni nzima, mume wangu kakaa pembeni yake anampigapiga mgongoni.

"Mwaka ujao upo," nilimwambia.

Akageuzia uso ukutani. Mume wangu ndiye aliyenitazama, akanitazama kwa muda kidogo. Nisijidanganye humu: nilifurahi. Niliingia jikoni nikatabasamu na sufuria.

Mvua zimeacha. Asubuhi hewa ni safi, kama imefuliwa.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya mbio dada atakuja. Nimemwomba, amekubali, nitamwongezea. Kila kitu kipo mahali pake. Soksi nimezifua.

Mume wangu amejitolea kwenda kunichukulia namba ya kifuani pale uwanjani, kwa sababu mimi natoka kazini wao wakiwa wameshafunga. Wanataka kitambulisho cha mkimbiaji tu. Nikampa. Nilishangazwa na wema huu mpaka nikajilaumu kwa kushangaa. Labda nimekuwa mchungu kupita kiasi. Labda ni uchovu.

Jumamosi, 14 Juni

Nilipika mapema ili nilale mapema. Nikamwuliza mume wangu namba iko wapi, niibandike kwenye fulana. Jana alisema ipo kwenye gari. Leo alikuwa anakoroga chakula chake bila kula.

"Kaa kwanza," akasema.

"Ipo wapi?"

"Kaa."

Sikukaa.

"Nimempa mdogo wangu."

Nilidhani anasema amempa aniletee. Nikasubiri amalize sentensi. Ilikuwa imeshaisha.

"Wewe umeshakimbia marathoni," alisema. "Una medali kule chumbani. Yeye hajawahi kupata kitu chochote mwaka huu isipokuwa aibu. Na Kocha mwenyewe anasema ana kipaji. Wewe mwaka ujao utakimbia, mbona mbio hazihami?"

"Namba yangu. Yenye jina langu."

"Jina si la ukoo wetu? Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Usipaze sauti, Mama anasikia."

"Na dada? Kesho dada anakuja, mimi nitakaa naye hapa nifanye nini?"

Hapo akainamisha kichwa, nikajua bado kuna jingine. "Dada nimemwambia asije. Kwa nini tumlipe na wewe upo?"

Nimeolewa na mtu huyu miaka ishirini na moja. Nilikuwa nikiwaambia watu kwamba mume wangu ni mpole. Leo nimemwangalia vizuri, mabega yale, macho yale yanayokimbilia sahani, nikaona kwamba sikuwahi kuolewa na mpole. Niliolewa na mwoga, na woga wake siku zote anaulipia mtu mwingine.

Nilimpigia wifi simu mara nne. Imezimwa.

Jumapili, 15 Juni

Mume wangu aliondoka kabla hakujapambazuka kwenda kumpigia mdogo wake makofi. Alitembea kwa ncha za vidole. Nilikuwa macho.

Nilifikiria kuvaa raba nikaondoka tu. Lakini Mama asingeweza hata kufika chooni. Kwa hiyo saa ambayo wenzangu walikuwa wanapigiwa filimbi, mimi nilikuwa namfuta Mama mgongo. Nilikuwa na mikono mizito. Alisema "taratibu" na sikupunguza.

Kisha akasema, "Nilijua tangu Jumatano."

Mikono ikasimama yenyewe. "Ulijua nini?"

"Walikaa hapa kitandani. Wote wawili. Wakapanga."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

Akajibu neno moja moja. Maneno yanamchosha. "Ningekuambia, ungeondoka."

"Ningeenda kukimbia nikarudi!"

"Ungeondoka," akarudia. "Mimi ningekuwa wewe, nisingerudi. Ningebaki na nani? Na hawa?" Akainua mkono wake mzima akaelekeza mlangoni, ambako hakukuwa na mtu. "Nimewazaa, nawajua. Yule hawezi hata kunigeuza. Yule mwingine hunisuka nywele watu wakiwepo."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda na kitambaa kinadondosha maji miguuni mwangu. Nilitaka kumchukia, nikakosa pa kushika. Katika nyumba hii yeye peke yake ndiye aliyenisaliti kwa sababu alinihitaji.

"Ulifanya vibaya, Mama."

"Ndiyo," akasema. "Maliza mguu, nasikia baridi."

Nikamaliza mguu.

Jumatatu, 16 Juni

Bosi alikuwa amenunua keki. Amechapisha ukurasa wa matokeo kutoka mtandaoni, ameubandika kwenye kioo cha duka wateja waone. Jina langu lote, mpaka la ukoo wa mume wangu, na mbele yake: saa tatu, dakika hamsini na mbili.

Wakanipigia makofi, Bosi, mpokezi, na mzee mmoja aliyekuja kukaza skrubu. Bosi machozi yalimlenga. "Nilisema mimi! Nilisema!"

Nilisema asante. Nilikata keki nikawagawia, nikala kipande changu chote. Ilikuwa tamu, ndicho kilichoniudhi.

Nilikwenda kwenye mashine nikachonga lenzi mpaka mchana. Kila nikiinua kichwa naliona jina langu pale kwenye kioo, limegeuka nyuma mbele. Lilikimbia likafika, mimi nikiwa nafua shuka.

Jioni, wengine wakiwa wameondoka, nilimwambia Bosi ukweli. Alitoka akaibandua ile karatasi taratibu, kona moja moja, isichanike.

Jumanne, 17 Juni

Nilimpigia Kocha.

"Nilimwona kwenye mstari wa kuanzia na namba yako," alisema. "Nikadhani mmekubaliana. Mambo ya ndani ya familia, unajua."

"Hatukukubaliana."

Akavuta pumzi. "Sikiliza. Ukipeleka malalamiko, watafuta matokeo. Lakini kanuni inasema namba ni dhamana ya mwenyewe. Watakufungia na wewe. Mwaka mzima. Na dakika zile, mbele ya dunia, ni zako. Kwani zinakuuma nini?"

Nilimwambia nitafikiria. Nilikata simu nikawaandikia waandaaji wa mbio barua pepe papo hapo, nimesimama, kabla busara haijanifikia.

Jumatano, 25 Juni

Wamejibu. Matokeo yamefutwa. Wifi amefungiwa mwaka mmoja na mimi nimefungiwa mwaka mmoja. Kocha hakukosea hata neno.

Wifi alifika jioni, mlango akausukuma kwa bega. Bado amevaa aproni ya saluni, vipande vya nywele za watu vimemganda kifuani.

"Umenichongea! Ulishindwa kuniambia mimi kwanza?"

"Ulizima simu."

"Kitu kimoja, wifi! Mwaka mzima nilipata kitu kimoja!"

"Hukukipata. Ulikichukua."

"Unajua ilikuwaje kukuangalia?" Sauti ilimpasuka. "Una mume, una kazi, una mtoto, na bado Jumapili unaniachia Mama uende kutafuta kingine. Ulikuwa unaniringia na hizo saa nne zako!"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Kumbe alipokuwa akinisifu jikoni, hivyo ndivyo alivyokuwa akiniona. Nilitaka kumwambia kwamba raba alizokimbilia nilimpa mimi, kwa moyo mweupe. Sikusema. Angejuaje, kama mwenyewe siku zile hakuwa na hata kipande cha moyo kama huo?

"Ungeniomba," nilisema. "Ungeniomba namba, wifi, mimi na wewe. Pengine ningekataa. Lakini ungeniomba."

Alilia. Hakuniomba radhi, na mimi sikumpa kitambaa. Alipoondoka alipita chumbani kwa Mama bila kuingia.

Mume wangu alisubiri mdogo wake ashuke ngazi ndipo akaongea. "Umeitia damu yangu aibu kwa ajili ya karatasi yenye pini nne." Ametandika godoro sebuleni. Ameliweka vizuri, na mto, ili nione.

Ijumaa, 27 Juni

Nimeondoa mpango kwenye friji. Gundi imebaki. Nimebandua na ratiba ya dawa, nimeiandika upya kwa herufi kubwa, kila dawa na saa yake, mpaka mtoto angeelewa. Mume wangu akauliza za nini herufi zote hizo. Nikamwambia atazihitaji.

Jumapili, 29 Juni

Nilimwamsha mume wangu saa kumi na mbili kasorobo.

"Natoka," nilimwambia. "Mama hajageuzwa, hajaogeshwa, hajanywa dawa. Narudi saa nne."

"Unakimbilia nini? Si wamekufungia?"

"Barabara hawajaifunga."

Aliinuka nusu kwenye godoro. "Mama atakataa mimi nimwogeshe."

"Muulize yeye."

Mama alikuwa macho. Nilisimama mlangoni kwake nikiwa nimevaa raba. Alizitazama, akanitazama mimi. Nilimwambia saa ya kurudi. Nikamwambia tena, polepole, mpaka akafumba macho na kufumbua, namna yake ya kusema ndiyo siku akichoka. Alikuwa na hofu. Niliiona, na niliondoka.

Nilipita kwenye matangi ya maji nikaendelea, mahali ambapo klabu hugeuzia mimi sikugeuza. Saa ya mkononi niliiacha mezani. Sikufurahi, nisidanganye. Goti liliuma, na kila mita nilikuwa nagombana na mtu: na wifi, na Kocha, na yule bwana wa sebuleni. Nilikimbia vibaya. Nilikimbia kama mtu anayepiga mlango. Lakini kulikuwa na barabara mbele, imenyooka, haina kona.

Niliporudi, nyumba ilikuwa inanuka sabuni nyingi mno. Maji yalikuwa yametapakaa koridoni mpaka kwenye zulia. Mama amevalishwa gauni kinyumenyume, nywele zake zimesimama, anahema, na uso wake una hasira ya mtu aliye hai. "Ameniumiza bega," akanishtakia kabla sijavuka kizingiti. "Lakini amenigeuza."

Mume wangu alikuwa amesimama katikati ya chumba, shati limemlowa mpaka kifuani, amekumbatia shuka za usiku kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiye wake. Macho yake yalikuwa mekundu. Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi alinitazama bila kukimbilia pembeni.

"Hizi," akasema, "hizi chafu huwa zinawekwa wapi?"

Miaka miwili mama yake amelala katika chumba hicho.

Nikamwonyesha. Kisha nikaenda kuoga.